Acha kumwinda Mäki, tafuta usharika wake

*"Mimi ni Mtanzania, nimeolewa hapa Duluth, Minnesota, na tuna watoto wawili. Babu yake baba mkwe wangu alikuja kutoka Ufini kufanya kazi migodini. Ukoo wao ni Hill, lakini baba mkwe anasema zamani walikuwa Mäki, jina likabadilishwa Ellis Island. Anasema pia kwamba babu yake 'alitoka Vaasa'. Nimeipata sensa ya 1910: ana miaka 26, kazaliwa Urusi. Sensa ya 1920: ana miaka 40, kazaliwa Ufini. Kaka yake, inasemekana, 'alirudi Urusi' mwaka 1932 na hakusikika tena, ndiyo maana mume wangu ameanza kuamini kwamba wao ni Warusi. Nimemtafuta Mäki mtandaoni, wakanijia maelfu. Je, huyu ni mtu mmoja au wawili? Nianzie wapi? Na watoto wetu wanaweza kupata uraia wa Ufini kupitia kwake?"*

Dada, karibu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya yote nikutoe wasiwasi: hakuna kitu ndani yake kilichonishangaza. Umri unaoruka, nchi inayobadilika, jina lenye sura mbili tatu, hayo ni mambo ya kawaida kabisa kwa Mfini aliyeingia Marekani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Huenda ni mtu mmoja. Lakini "huenda" si ushahidi, na njia uliyoishika, ya kumwinda Mäki, haitakufikisha popote.

Tuanze na hiyo Urusi inayomsumbua mumeo. Kuanzia 1809 hadi 6 Desemba 1917 Ufini ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, ingawa ilikuwa na sheria zake, fedha yake na kanisa lake la Kilutheri. Kwa hiyo karani wa sensa ya 1910 aliyeandika "Urusi" hakukosea, na yule wa 1920 aliyeandika "Ufini" hakukosea pia. Hili sisi halitupi shida. Mzee aliyezaliwa Moshi mwaka 1910 alizaliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaoa Tanganyika, akafia Tanzania, na pengine hakuwahi kuhama kihamba chake. Irudie fomu ya 1910 uangalie kando ya neno Urusi: karani alitakiwa kuandika pia lugha mama ya kila aliyezaliwa nje ya nchi. Ukikuta Kifini, hoja ya Urusi imekwisha hapo hapo. Ukikuta Kiswidi, usikate tamaa, maana pwani ya magharibi ya Ufini ina watu wanaozungumza Kiswidi tangu zama, na kwao kilima ni *backe*. Ukoo wa Backa nao ungeweza kugeuka Hill.

Umri je? Jiulize nani alimjibu karani. Wachimba madini wengi waseja walipanga chumba kwenye nyumba za Wafini wenzao, vitanda vikitumika kwa zamu, na mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwepo karani alipobisha hodi. Alitaja umri wa wapangaji kumi kwa kukisia, tena kwa lugha ambayo huenda hakuimudu. Tofauti ya miaka minne ni ndogo. Kwa uzoefu wangu, siku na mwezi wa kuzaliwa hushikilia, mwaka ndio huteleza.

Sasa jina. Hadithi ya Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, nimeisikia katika kila ukoo wa wahamiaji, na inapendwa kwa sababu inampa mtu wa kulaumu. Ukweli ni kwamba maofisa wa Ellis Island hawakuandika majina upya. Walikuwa na orodha mkononi, na orodha hiyo iliandikwa na watu wa kampuni ya meli ng'ambo, kule abiria alikopandia. Kazi ya ofisa ilikuwa kulinganisha na kuuliza maswali. Majina yalibadilika baadaye na polepole: kwenye daftari la mishahara la mgodi, kwa mwalimu wa shule, na mara nyingi kwa uamuzi wa mwenyewe aliyechoka kurudia herufi zake. Mäki maana yake ni kilima, na Hill ni kilima. Hiyo ni tafsiri, na wa kutafsiri lazima ajue lugha zote mbili. Kwa hiyo mshukiwa wangu wa kwanza ni mzee mhamiaji mwenyewe, au watoto wake.

Na hata hilo Mäki usiliamini sana. Wafini wengi walipofika Marekani walikata majina marefu: Kivimäki akabaki Maki, Ylimäki akabaki Maki, nukta mbili za juu ya *a* zikapotelea baharini. Niliwahi kumsaidia mtu mmoja, tukapoteza miezi mitatu nyuma ya Mäki asiyekuwa wake, kwa sababu mimi niliyejiita mtaalamu niliamini jina kuliko tarehe.

Kosa linaanzia kwenye dhana kwamba ukoo una jina moja linaloshuka kama mto. Wamarekani wanaamini hivyo. Sisi tuna nafuu, kwa kuwa tunajua Juma Ali Hamisi ni Juma mtoto wa Ali mtoto wa Hamisi, na kwamba mwanawe ataitwa vingine. Wafini wa zamani walikuwa hivyo hivyo: Juho Matinpoika ni Juho mwana wa Matti, na dada yake ni Matintytär. Juu ya hapo, magharibi mwa nchi, mtu aliitwa kwa jina la shamba alilokaa. Akihamia shamba jingine, jina linabadilika. Mwanamume akioa na kuhamia shambani kwa wakwe, anachukua jina la shamba la mkewe. Ndugu wa tumbo moja waliweza kufa na majina matatu tofauti, na hakuna aliyeona ajabu. Sheria ya kumtaka kila mtu awe na jina la ukoo ilipitishwa mwaka 1920, wakati mzee wenu tayari yuko Minnesota. Jina la kwanza nalo lina mavazi yake: mchungaji aliandika Johan kwa Kiswidi, majirani wakamwita Juho, nyumbani Jussi, mgodini John. Ni Yohana yule yule.

Kinachomtambulisha Mfini ni vitu viwili vikikaa pamoja: tarehe kamili ya kuzaliwa na usharika aliozaliwa. Ukivipata hivyo, jina litajileta lenyewe. Usipovipata, maelfu ya kina Mäki watakuzunguka hadi uzeeni.

Nasema usharika kwa makusudi. Kama umekulia KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, utaelewa haraka kuliko jirani zako wa Duluth. Kanisa la Kilutheri lilikuwa ndiyo ofisi ya serikali ya kuandikisha watu. Sheria ya kanisa ya 1686, tangu enzi za utawala wa Uswidi, iliwalazimisha wachungaji kutunza vitabu vya waumini: waliozaliwa, waliooana, waliokufa, waliohama. Kitabu kinachovipita vyote kwa utamu kinaitwa *rippikirja*, yaani kitabu cha Meza ya Bwana. Kila familia ina ukurasa wake chini ya jina la kijiji na shamba: baba, mama, watoto, watumishi, kila mmoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Kwa kawaida kitabu kimoja kilibeba miaka kama kumi, halafu kikafunguliwa kipya. Mchungaji alizunguka vijijini kupima nani anajua kusoma na nani anaijua Katekisimu, akatia alama kwenye safu. Unaweza kumwona bibi wa mwaka 1790 aliyekuwa hodari wa kusoma na mumewe aliyekuwa anababaisha. Aliyehama alipewa barua ya usharika, na kitabu kinaonyesha alikwenda wapi. Aliyekwenda Marekani bila barua hiyo hakufutwa. Jina lake liliendelea kubebwa kitabu hadi kitabu kati ya watu wasiokuwepo, wakati mwingine kwa miongo, na pembeni neno moja tu: Amerika.

Kwa hiyo karatasi zote za Marekani tunazitafuta kwa shabaha moja, kupata tarehe na usharika. Na hapa neno "Vaasa" linahitaji tahadhari. Vaasa ni mji, lakini pia lilikuwa jina la mkoa mzima wenye sharika nyingi, nao ndio uliotoa wahamiaji wengi kuliko mkoa mwingine wowote wa Ufini. Mji wenyewe, kuanzia 1855 hadi 1917, kiserikali uliitwa Nikolainkaupunki, kwa heshima ya mfalme Nikolai. Mfini aliyesema "Vaasa" mbele ya karani wa Marekani mara nyingi alimaanisha mkoa, kama Mhaya anayejibu "Bukoba" ugenini ili asiulizwe zaidi. Anaweza kuwa wa Lapua, Kauhava, Ilmajoki au Kurikka. Tunahitaji jina hilo la ndani.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni ombi lake la uraia. Fungua tena sensa ya 1920 uangalie safu ya uraia. Herufi *Na* maana yake amekwisha kuwa raia, *Pa* ametoa tu tamko la kwanza la nia ya kuwa raia, *Al* bado mgeni, na kwa raia kuna mwaka wa kupata uraia pembeni. Tarehe muhimu ni 27 Septemba 1906. Kabla ya hapo mahakama yoyote iliandika ilivyotaka, mara nyingi jina la mtu na la mfalme anayemkana, basi. Baada ya hapo fomu zilikuwa za aina moja: tarehe na mahali pa kuzaliwa, meli, siku ya kuwasili, mke na watoto kwa majina. Kwa aliyeingia baada ya Juni 1906, serikali ilikwenda kwanza kuhakikisha jina lake kwenye orodha ya meli, kwa hiyo habari hiyo ina uzito. Anza kwa kuuliza Minnesota Historical Society pale St. Paul nakala za mahakama ya kaunti yenu zimehifadhiwa wapi. Nakala iliyopelekwa Washington huombwa kwa malipo kwenye idara ya uhamiaji ya serikali kuu. Inachukua muda, kwa hiyo jaribu ya kaunti kwanza. Ukikuta *Al* hata kwenye sensa za baadaye, usihuzunike: mwaka 1940 kila mgeni wa miaka 14 na kuendelea alitakiwa kujiandikisha, na fomu hiyo nayo inauliza mahali pa kuzaliwa.

Hapa naomba nichepuke kidogo, maana jambo lilitokea mjini kwenu. Mwaka 1908 mwanasheria wa serikali alipinga Wafini kupewa uraia, akidai kwamba wao ni Wamongolia na si weupe, na sheria ya wakati ule ilifungua mlango wa uraia kwa weupe na kwa watu wa asili ya Afrika tu. Kesi ilimhusu John Svan na wenzake. Tarehe 17 Januari 1908, huko Duluth, jaji William Cant aliamua kwamba Wafini ni weupe. Ukikuta ombi la mzee limekwama miezi hiyo, sababu inaweza kuwa hiyo. Na watoto wenu wakikua wakauliza rangi ni kitu gani hasa, mna hadithi ya nyumbani ya kuwasimulia.

Kadi ya kuandikishwa jeshini itakusaidia nusu. Kwa umri wake, mzee alipaswa kujiandikisha 12 Septemba 1918, hata kama hakuwa raia. Kadi za siku hiyo zina tarehe kamili ya kuzaliwa na jamaa wa karibu, lakini hazina mahali pa kuzaliwa. Zile za Juni 1917 zinalo, ila zilikuwa za vijana wa miaka 21 hadi 30. Kama ana mdogo wake wa kiume, kadi ya mdogo wake inaweza kukutajia usharika ambao ya kwake imeuficha. Cheti cha kifo kina majina ya wazazi, lakini kumbuka aliyejibu ni mtu mwenye msiba, pengine mtoto aliyezaliwa Minnesota asiyewahi kumwona bibi yake. Kipokee kama tetesi yenye mhuri.

Orodha za meli nitazipitia upesi. Wafini wengi walipanda meli bandari ya Hanko hadi Hull, Uingereza, wakavuka kwa treni hadi Liverpool, kisha wakaingia meli kubwa ya kuvuka Atlantiki. Maana yake kuna orodha mbili. Ile ya Hanko iliandikwa na watu waliozoea majina ya Kifini, na iko wazi kwa watafiti kupitia Siirtolaisuusinstituutti, taasisi ya uhamiaji ya Turku. Itafute hiyo kwanza. Ya Marekani, kuanzia 1907, ina faida yake: jina na anwani ya jamaa aliyebaki nyumbani. Na usimkose kwa kuitafuta New York peke yake, wengine walishukia Boston au Kanada.

Kanisani Duluth na kwenye miji ya migodi pia kuna vitabu, kama mzee alikuwa mtu wa kanisa. Wafini wa Marekani waligawanyika vibaya sana: kulikuwa na Wafini wa kanisa na Wafini wekundu, yaani wasoshalisti, na waliweza kuishi mtaa mmoja bila kusalimiana. Mwekundu hutamkuta kwenye ubatizo wala mazishi ya kanisani. Mtafute kwenye kumbukumbu za kumbi za wafanyakazi, vyama vya ushirika, na magazeti kama *Työmies*. Chuo Kikuu cha Minnesota, Minneapolis, kina hifadhi kubwa ya historia ya wahamiaji yenye shehena ya Kifini. Na ile habari ya kaka yake inanifanya nihisi ni upande upi familia hii ilisimama.

Maana hiyo ni Urusi nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kazi zilipokauka Marekani, Wafini wapatao elfu sita wa Marekani na Kanada walihamia Karelia ya Kisovieti, jimbo lililopakana na Ufini, wakiitwa kwenda kujenga nchi ya wafanyakazi yenye kuzungumza Kifini. Waliuza nyumba, wakabeba misumeno na magari yao. Mwaka 1937 na 1938 Stalin aliwageukia, na wengi walikamatwa na kupigwa risasi. Moja ya makaburi ya halaiki, Sandarmokh, liligunduliwa mwaka 1997. Kama kaka aliondoka 1932 na barua zikakatika, hili ndilo jambo la kwanza la kulichunguza. Yako majina yaliyokusanywa ya waliouawa, pamoja na mwaka na mahali pa kuzaliwa. Ukimkuta humo, mahali hapo pa kuzaliwa panaweza kuwa ndiyo usharika tunaoutafuta kwa ndugu wote wawili. Lakini sehemu hii usiifanye peke yako usiku kwenye simu. Mtafute mtafiti anayesoma Kirusi na aliyeshughulikia mafaili haya, na mweleze baba mkwe kabla ya kufungua, awe na hiari ya kusema bado.

Siri nyingine huwa ni za aina ya nyumbani. Wafini wana neno *amerikanleski*, mjane wa Marekani: mke aliyebaki Ufini akingojea mume ambaye hakurudi wala hakufa. Ukifungua *rippikirja* ukamkuta mzee ana mke na mtoto kabla ya huyu wa Minnesota, hutakuwa wa kwanza.

Ukishapata usharika na tarehe, mengine yanakwenda haraka. Hifadhi ya Taifa ya Ufini na tovuti ya nasaba ya FamilySearch wana picha za vitabu, na vya zaidi ya miaka 100 viko wazi. HisKi, ya chama cha wanasaba cha Ufini, ni orodha iliyonakiliwa na watu wa kujitolea. Ni bure, lakini haikufika mwaka ule ule katika kila usharika, kwa hiyo kukosa jina humo si jibu. Tarehe usizihamishe: Ufini ya Kilutheri ilitumia kalenda hii hii yetu hata chini ya Warusi. Kwa kizazi cha mzee utakuta Kifini katika vitabu vingi. Ukirudi nyuma ni Kiswidi, na mwandiko wa wachungaji wengine ni kama kuku aliyekanyaga wino. Hapo ndipo pesa ya kumlipa mtafiti wa Ufini kwa saa chache ina maana. Kabla ya usharika kujulikana, usimlipe mtu, atakurudishia maelfu yale yale.

Vipimo vya vinasaba? Vinasaidia, ila Wafini wametoka kwa watu wachache wa mwanzo waliooana wao kwa wao vizazi vingi. Mtandao utamwonyesha mumeo mamia ya "binamu" wanaoonekana wa karibu kuliko walivyo. Vifanye baada ya karatasi, kuthibitisha shamba moja dhidi ya jingine.

Kuhusu uraia, sitakupa matumaini ya bure. Uraia wa Ufini unapita kwa mzazi, na kabla ya 1 Juni 2003 Mfini mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake aliupoteza wa kwao. Mzee wa karne iliyopita aliyeapa Duluth hawezi kuwaachia uraia huo vilembwe vyake. Kama kuna jambo la pekee katika familia, idara ya uhamiaji ya Ufini au ubalozi ndio wa kuulizwa, si anayeuza "huduma ya uraia wa asili" mtandaoni.

Jambo ambalo ningelisema mwanzo, nimelibakiza kwa sababu halihitaji kompyuta. Jumapili hii, kaa na baba mkwe, mwombe akushushie albamu na vitabu vya zamani. Picha za studio za miaka ile zimebandikwa kwenye kadi ngumu, na chini au nyuma yake limechapwa jina la mpiga picha na mji wake. Picha ya wazazi wa mzee iliyotumwa kutoka Ufini ilipigwa karibu na kwao. Angalia mihuri ya posta kwenye bahasha. Kama kuna kitabu cha nyimbo cha Kifini, fungua ukurasa wa kwanza kabisa: wengi walipewa walipopata kipaimara, na mkono wa mtu uliandika humo jina, siku, na usharika. Na umwulize pia walikuwa wanamtaja nani kule kwao kama "mtu wa nyumba fulani". Andika matamshi yake kama anavyotamka, hata yakionekana hayana maana. Hilo linaweza kuwa jina la shamba.